Akiba ya Video Isiyofunguka

Waswahili husema akiba haiozi. Walionena hivyo hawakuwahi kuiona kanda ya video. Katika makabati ya idara zetu za Kiswahili, katika nyumba za walimu na katika maktaba za shule kadha wa kadha, imelala akiba kubwa ya picha na sauti: ngano zilizotambwa na nyanya zetu, vugo na kirumbizi katika arusi za Lamu, malumbano ya washairi, maombolezo, na mahojiano na wazee wa Siyu, Vanga na Wasini ambao lahaja zao vijana wengi hawazisemi tena kwa ufasaha ule. Akiba hiyo ilikusanywa kwa jasho na kwa nauli. Lakini mwalimu anapotaka kuitia katika kifaa kidogo cha mkononi ili aende nayo darasani, ndipo anapogundua kwamba kuwa na kitu si kukitumia.

Nadiriki kusema kwamba rekodi isiyoweza kuchezwa na kifaa cha bei nafuu, mikononi mwa mwalimu wa kawaida, bado haijahifadhiwa. Imefichwa tu. Nasema hivi nikiwa miongoni mwa wale ambao kwa karibu miaka ishirini wamezunguka vijijini na kamera, kisha wakakesha mbele ya tarakilishi wakijaribu kuyahamisha waliyoyakusanya. Tatizo hili wengi hulichukulia kuwa la mafundi. Mimi naliona kuwa la elimu, na hasa la lugha.

Pengine msomaji atauliza: kwani lazima video? Je, maandishi hayatoshi? Hayatoshi hata kidogo. Kila mwanafunzi wa shule ya upili hufundishwa kwamba uti wa mgongo wa fasihi simulizi ni utendaji. Fanani huinua mkono, hubana sauti, hunyamaza akingoja hadhira iitikie. Tanakali ya sauti iliyoandikwa kitabuni ni kivuli cha tanakali iliyotoka kinywani pamoja na kidole kinachoonyesha jinsi chungu kilivyoanguka. Vivyo hivyo katika isimu. Katika Kimvita, paa la nyumba na paa wa mwituni hutofautiana kwa pumzi inayoifuata sauti p. Mnyama hutamkwa kwa pumzi, paa la nyumba bila pumzi. Mwanafunzi wa Kitui au Kakamega anaweza kuyasoma hayo mara kumi asiyaelewe, lakini akimwona mzee wa Mji wa Kale akiyatamka maneno hayo mawili kwa zamu, ataelewa kwa dakika moja.

Basi mwalimu aliyelijua hilo hutafuta video. Akiipata, huiweka katika flashi, huipachika katika deki ndogo ya kubebeka, tabuleti ya shule au simu yake ya rununu, kisha hukutana na vituko. Mara kifaa kinaandika kwamba faili halitambuliki. Mara sauti inasikika na kioo kimebaki cheusi. Mara picha inaonekana ila msimulizi ni bubu. Mara midomo inatangulia na maneno yanafuata nyuma, jambo ambalo kwa somo la fonetiki ni balaa tupu. Hali kadhalika, faili hilo hilo linalokataa hapa huchezeka bila taabu kwenye kompyuta ya jirani. Mwalimu hukata tamaa, akafunga kifaa na kurudi kwenye chaki.

Chanzo cha vituko hivi ni rahisi kueleza kwa mtu anayeijua historia ya maandishi ya Kiswahili. Kwa karne nyingi washairi wa pwani waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Mtu aliyesoma Kurani chuoni anaweza kuzitambua herufi zote za mswada wa utenzi, azisome kwa sauti, na bado asielewe neno, ikiwa hajui Kiswahili. Hati ni kitu kimoja, lugha iliyomo ndani ya hati ni kitu kingine. Faili la video lina tabaka hizo hizo mbili. Lipo tabaka la nje, yaani chombo, ambalo hujulikana kwa herufi zinazofuata jina la faili: AVI, MOV, MKV, MP4, 3GP. Na lipo tabaka la ndani, yaani namna picha na sauti zilivyofumbwa ili zichukue nafasi ndogo. Mafundi huliita kodeki. Ndani ya chombo kimoja cha AVI mnaweza kuwa na kodeki za kila namna. Kifaa kinapokuambia kwamba kinacheza AVI, kimekuambia tu kwamba kinazijua herufi. Hakijakuambia kwamba kinaijua lugha. Tena picha ina kodeki yake na sauti ina yake. Ndiyo maana moja huweza kueleweka na nyingine ikakataliwa.

Zingatia sasa mkusanyaji aliyefanya kazi yake kwa miaka mingi. Rekodi zake za kwanza zimo katika kanda za VHS. Baadaye alinunua kamera ya kanda ndogo za MiniDV, ambazo saa moja ya picha ilichukua takribani gigabaiti 13 ilipoingizwa kwenye kompyuta, na uingizaji wenyewe ulichukua saa nzima kwa kila saa ya kanda. Kisha zikaja kamera za kadi, simu zilizorekodi kwa 3GP, na hatimaye simu za kisasa. AVI ilianzishwa mwaka 1992. Kodeki ya H.264 iliidhinishwa mwaka 2003. HEVC ikafuata mwaka 2013. AV1 ikatoka mwaka 2018. Tangu mwaka 2017, simu mpya za iPhone zimekuwa zikirekodi kwa HEVC zisipoelekezwa vingine, nayo ni kodeki ambayo vifaa vingi vya bei nafuu haviielewi. Kwa hiyo akiba ya mtu mmoja, kuhusu jambo moja, imo katika lugha tano au sita zisizosikilizana.

Zaidi ya lugha kuna ukubwa. Flashi na kadi nyingi ndogo hupangwa kwa mfumo uitwao FAT32, uliotoka mwaka 1996, ambao haukubali faili moja la kufikia gigabaiti 4. Mwalimu huona kwamba kadi yake ina nafasi ya gigabaiti 32, faili lake ni gigabaiti 6, na bado anaambiwa kwamba faili ni kubwa mno. Asiyejua siri hiyo hudhani kadi ni bandia. Huenda akaenda kununua nyingine, akaambiwa maneno yale yale, na fedha zimekwenda.

Suluhisho ambalo wengi hulikimbilia ni kuligeuza faili liwe dogo kabisa. Hapa napaswa kuwaonya wenzangu. Ugeuzaji wa namna hii hutupa kitu kila mara. Walimu wanaijua fotokopi ya fotokopi: karatasi ya mtihani iliyotolewa nakala kutoka nakala ya nakala hufikia mahali ambapo mchoro wa jicho unafanana na doa la wino. Video huenda njia hiyo hiyo kila inapofumbwa upya. Video za 3GP za simu za zamani zilikuwa na picha ya nukta 176 kwa 144, na sauti yake mara nyingi ilifumbwa kwa AMR, ambayo huchukua vipimo 8,000 kwa sekunde na hivyo haiwezi kubeba mawimbi yanayozidi mitetemo 4,000 kwa sekunde. Nguvu kubwa ya sauti s iko juu ya hapo. Sauti f na th nazo hukaribiana mno zinapopita katika tundu jembamba kiasi hicho. Mwanafunzi anayesikiliza rekodi kama hiyo anaweza kuandika katika tasnifu yake kwamba lahaja fulani imepoteza sauti fulani, kumbe sauti imepotezwa na simu.

Na kazi yenyewe ya kugeuza inachosha. Kwenye kompyuta kuukuu, saa moja ya video huweza kuchukua saa kadhaa kugeuzwa. Umeme ukipotea kabla ya kumaliza, unaanza upya. Mwalimu mwenye vipindi vingi kwa wiki na rundo la madaftari ya kusahihisha atapata wapi usiku huo?

Watengenezaji wa vifaa nao wana sehemu yao ya lawama. Kodeki nyingi zina hataza na hulipiwa ada, hivyo wenye kuunda vifaa rahisi huziacha baadhi ili kupunguza gharama, na hawaandiki waziwazi kwenye sanduku ni zipi walizoziacha. Wengine walijenga kuta kwa makusudi ya biashara. iPod ya kwanza yenye uwezo wa kuonyesha video, iliyoingia sokoni Oktoba 2005, haikuipokea AVI kabisa. Ilijazwa kwa kupitia programu ya iTunes, na video zilizoingia humo zilifichwa na kupewa majina mapya ya herufi nne zisizo na maana. Ukiiunganisha na kompyuta nyingine ili iijaze, ulitakiwa kwanza ukubali kufuta yaliyokuwamo. Kifaa kilikuwa kizuri na chepesi, lakini kilimfanya mwenye mali awe mpangaji katika nyumba yake. Hata ingawa uuzaji wa iPod ulikomeshwa mwaka 2022, tabia ile haijafa; imehamia katika vifaa na huduma nyingine.

Lakini tusiwatupie wageni kila kosa. Tazama majina tunayoyaacha kwenye mafaili yetu. Kamera hutoa MVI_0001, MVI_0002, na kuendelea. Kadi ikifutwa, mara nyingi huanza tena kuhesabu kutoka mwanzo. Mkusanyaji akichanganya kadi mbili, ngano ya Pate inaweza kufutwa na mchezo wa watoto wa Malindi kwa sababu tu majina yamegongana. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nimewahi kupokea diski yenye mafaili zaidi ya 200 ambayo hayakuonyesha mahali, tarehe wala msemaji. Sauti zilisikika vizuri na nyuso zilionekana vizuri. Ila kwa mtafiti, hazikuwa na wenyewe.

Wapo wanaosema kwamba malalamiko haya yamepitwa na wakati: tia kila kitu kwenye intaneti, atakaye atazame huko. Naiheshimu hoja hii, kwani intaneti imeleta kheri nyingi. Hata hivyo, fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwalimu wa shule ya mashambani ambako mtandao huja na kuondoka hawezi kuliambia darasa la wanafunzi 50 lisubiri mpaka duara linalozunguka kwenye kioo liishe kuzunguka. Bando analolipia ni la mfukoni mwake. Isitoshe, video iliyo mtandaoni inaweza kuondolewa kesho na aliyeiweka, au na kampuni, bila kukuuliza. Na si kila mzee aliyekubali kurekodiwa kwa ajili ya somo alikubali kuonekana na dunia nzima. Nyimbo za unyago, mathalani, zina wenyewe na zina mipaka yake. Nakala iliyo mkononi, ndani ya kadi ndogo, bado ina kazi yake.

Na wakati hautungoji. Funai, kampuni ya Japani iliyojulikana kuwa ya mwisho kuunda deki za VHS, ilikoma kuziunda Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha kiitwacho IASA, lilitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku: wataalamu walikuwa wamekadiria kwamba kufikia mwaka 2025 hivi kuzihamisha kungekuwa kugumu mno, kwa kuwa mashine zinaisha na vipuri havipatikani. Mwaka huo tumekwisha kuufikia. Kila deki inayokufa katika maabara ya lugha inaondoka na kanda zote ambazo hakuna mashine nyingine ya kuzisoma. Msimulizi naye alikwisha kufariki. Hatutamrekodi mara ya pili.

Linganisha na mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi katika karne ya 18 na ya 19. Yalikusanywa katika karne ya 19 kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Leo mwanafunzi yeyote akiifungua diwani hiyo anaisoma. Haihitaji betri, kodeki wala ruhusa ya kampuni. Sisi wenye kamera za kung'ara tunaweza kuwaachia wajukuu wetu urithi uliofungwa zaidi kuliko ule ulioachwa na watu wa kalamu na karatasi.

Tufanyeje basi? Jibu naliona katika historia ya lugha yenyewe. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kuusimamia usanifishaji. Uamuzi ule umelaumiwa, na mimi kama mwanaisimu nazijua lawama hizo: lahaja zenye fasihi kongwe kama Kimvita na Kiamu zilisukumwa kando. Lakini faida yake haikanushiki. Kitabu kilichochapishwa Nairobi kilisomeka Dar es Salaam. Kosa halikuwa kuwa na usanifu. Kosa lilikuwa kuidharau asili.

Katika video tunaweza kupata faida ile bila hasara ile. Kila rekodi iwe na nafsi mbili. Ya kwanza ni asili: faili kama lilivyotoka kwenye kamera, lisiguswe, lisifinywe, na lihifadhiwe katika diski mbili zilizo mahali pawili tofauti. Ya pili ni nakala sanifu, ya kusafiri na kufundishia. Napendekeza nakala hiyo iwe katika chombo cha MP4, picha iwe ya H.264, sauti iwe ya AAC, na ukubwa wa picha usizidi nukta 1280 kwa 720. H.264 si mpya na si kodeki bora kuliko zote, lakini ndiyo inayoeleweka na vifaa vingi zaidi, vya zamani na vya sasa. Usanifu haumtafuti aliye hodari kupita wote. Humtafuta anayesikilizana na wengi. Saa moja ya video ya nukta 640 kwa 480 iliyofumbwa kwa kiasi cha megabiti moja kwa sekunde huchukua takribani megabaiti 500, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 hubeba saa sitini hivi. Hiyo ni mihula kadhaa ya masomo ndani ya kitu kidogo kuliko ukucha wa gumba.

Nakala sanifu daima itolewe kwenye asili, kamwe isitolewe kwenye nakala nyingine. Masimulizi marefu yagawanywe: ngano moja, faili moja. Jina la faili litaje mwaka, mahali na utanzu, na maelezo ya msemaji na ridhaa yake yaandikwe katika daftari la karatasi litakalokaa pamoja na diski. Programu za kufanyia kazi hii zipo na hazilipiwi: HandBrake hugeuza, FFmpeg hugeuza kwa wanaoweza kuandika amri, na VLC, iliyoanza kama mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja nchini Ufaransa mwaka 1996, hucheza karibu kila kitu na kukueleza ni kodeki gani imo ndani ya faili. Kabla ya kuisambaza, nakala ijaribiwe katika kifaa dhaifu kuliko vyote vilivyopo shuleni. Ikichezeka hapo, itachezeka kwingi.

Hata hivyo, si haki mzigo huu uachiwe mwalimu mmoja mmoja. Mtaala wa umilisi unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi, na tangu mwaka 2016 serikali imepeleka tabuleti katika shule za msingi. Vyema. Lakini kifaa bila kitu cha kucheza ni kibao cha kukatia nyanya. Wizara inaponunua vifaa, iandike katika masharti ya zabuni ni aina gani za video ambazo lazima zichezeke, na muuzaji asilipwe mpaka zijaribiwe. Idara za Kiswahili na isimu katika vyuo vikuu zimdai kila mtafiti aliyerekodi video akabidhi, pamoja na tasnifu, asili na nakala sanifu na daftari lake. Tunadai marejeleo yapangwe kwa koma na nukta. Tutashindwaje kudai kwamba ushahidi wenyewe ufunguke? Na vyuo vya ualimu vifundishe uhamishaji wa video kama vilivyofundisha zamani uandishi wa ubaoni, maana leo hiyo ni stadi ya darasani.

Wanafunzi nao wana nafasi yao, pengine kubwa kuliko yetu. Kijana wa kidato cha tatu anayejua kuhamisha muziki kutoka simu hadi simu anaweza kufundishwa kazi hii katika alasiri mbili. Vyama vya Kiswahili shuleni, ambavyo mara nyingi hutafuta la kufanya baada ya mashairi na vitendawili, viifanye kuwa shughuli yao. Likizo ijayo, kila mwanachama aulize nyumbani: ni nani mwenye kanda ya arusi, ya mazishi, ya sherehe ya kijiji, ambamo mzee anasimulia au anaimba? Aombe ruhusa, aandike jina na mahali, na ailete kwa mwalimu kabla deki ya mwisho mtaani haijauzwa kwa wenye kununua vyuma vikuukuu.